Kurudia Mpaka Paskali Arudi

Mwezi uliopita kompyuta ya mjukuu wangu iliganda juu ya meza yangu ya chakula, hapa Mbulu mjini, nami nikainuka kwenda jikoni ili asinione nikilia. Naandika ili sababu ijulikane, na ijulikane sawasawa. Nilifanya kazi katika masjala ya serikali hadi nilipostaafu, na jambo lililoachwa nusunusu hunikera hata likiwa langu mwenyewe.

Theresia amemaliza kidato cha nne na anasubiri kupangiwa kidato cha tano. Badala ya kuzurura amejiandikisha kwenye mafunzo ya kuandika programu, na jioni hunieleza alichofundishwa, kwa kuwa anasema akifaulu kunielewesha mimi, mtihani hautamsumbua. Zoezi la siku hiyo lilikuwa la debe tupu na kikombe. Wakati debe halijajaa, mimina kikombe kimoja, kisha angalia. Kama limejaa, acha. La sivyo, rudia. Aliandika, akabonyeza, na kompyuta ikaanza kuvuma na kupata moto. Kioo kilijaa neno moja, mimina, mimina, mimina, likishuka bila kukoma.

"Imekuwaje?" nilimuuliza.

"Lupu imekataa kutoka, Bibi."

"Sema Kiswahili."

"Imenasa kwenye mzunguko, basi." Alicheka. "Nimeiambia imimine mpaka debe lijae. Ila humo ndani nimesahau kuiambia kwamba kila ikimimina, maji yaongezeke. Sasa kwa akili yake debe ni tupu siku zote. Inamimina, inaangalia, tupu. Inamimina, inaangalia, tupu."

"Nayo haishtuki?"

"Itashtukaje, Bibi? Hii inatii tu. Itatii mpaka betri iishe."

"Maskini," nilisema.

"Jamani! Bibi anaionea huruma kompyuta!"

Alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilikuwa nimemzika mama yangu mwanzoni mwa mwaka huu, na kwa muda huo sikuiona kompyuta. Nilimwona mtoto wa kike amesimama kwenye mteremko wa Tumati, kijijini kwetu, na fimbo mkononi, akifuata maagizo neno kwa neno, akiangalia kama kuna kilichoongezeka.

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja aliyeitwa Paskali. Alikuwa bado ananyonya, na kazi ya kumbeba mama alipokuwa shambani ilikuwa yangu. Wenye umri wangu mliobebeshwa wadogo zenu mnalijua lile joto la mgongoni, na jinsi shingo ya mtoto inavyolegea pole pole usingizi ukimchukua, na mate yanavyopoa kwenye bega lako. Kisogo chake kilinukia maziwa na moshi. Hadi leo nikipita mahali wanapofukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, hupunguza mwendo.

Aliugua kifua wakati mahindi yakiwa usawa wa goti. Mimi nilipelekwa kwa shangazi, upande wa pili wa bonde, nikiambiwa kwamba shangazi anahitaji mtu wa kumchotea maji. Niliporudishwa nilimkuta mama amekaa mlangoni, kanga ya kumbebea Paskali imekunjwa magotini mwake. Niliuliza mtoto yuko wapi. Bibi yangu, mama mzaa baba, ndiye aliyejibu.

"Amechukuliwa."

Sikuona kaburi. Sikumwona mtu akilia kwa sauti. Kilio kilikuwa kimekwisha kabla sijafika. Niliyoyakuta ni maagizo, na bibi aliyatoa usiku huohuo, akichochea moto.

"Ukikutana na mtu njiani, wewe toka njiani, yeye apite. Kama akikusalimu, mwitikie kwa mbali. Mkono usimpe. Kama ng'ombe wa watu wako mtoni, subiri huku juu. Wakiondoka ndiyo ushuke, na unyweshe kule chini kabisa. Usile kwa mtu. Mtu asile kwetu. Shuleni hutaenda kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wazee waseme yamekwisha."

"Yakiisha?"

"Yakiisha tutakaa na watu kama zamani."

Hayo ndiyo yaliyoitwa metimani kwa Kiiraqw: nyumba iliyofiwa hukaa peke yake, watu wake na ng'ombe wake, hadi wazee watakapoifungulia. Baba yangu alikuwa mbatizwa na msomaji wa sala kanisani, lakini aliinamisha kichwa akafuata, kwa sababu hata kama asingefuata, majirani wangefuata kwa upande wao.

Hapa naomba niseme jambo, kwa kuwa nimelibeba muda mrefu. Siku moja nikiwa kazini nilikaa kwenye semina ambapo ofisa kijana, aliyepangiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alitusomea kwamba kutenga wafiwa ni ukatili wa watu waliokosa elimu. Hakumuuliza mtu hata mmoja pale ukumbini. Nilisimama nikamwambia kwamba majirani zetu hawakuwa wakatili. Kulikuwa na jiwe kubwa njiani, na juu ya jiwe hilo tulikuwa tukikuta chumvi, kiberiti, wakati mwingine boga, na aliyeviweka alikuwa amekwisha kuondoka. Kijana alinishukuru kwa mchango wangu, akaendelea kusoma alipoishia. Kama palikuwa na ukatili, ulikuwa mmoja tu, nao haukuwa kwenye karatasi yake: watoto tulipewa masharti bila kuelezwa masharti hayo yanafanya nini.

Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe. Mwaka huo huo mbuzi wetu jike alikuwa ameingia shamba la jirani akala maharage, akakamatwa, akafungwa kwa balozi wa nyumba kumi. Baba aliambiwa afanye hili na lile. Alifanya yote, na mbuzi akarudishwa kwetu, tena amenenepa. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Kitu chako kikichukuliwa, unapewa masharti, ukiyatimiza, unarudishiwa. Paskali amechukuliwa. Masharti tumepewa. Hesabu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba sikuona haja ya kumuuliza mtu.

Na ushahidi niliuona kila mahali. Kanga yake haikutupwa. Ilitundikwa kwenye kigingi. Mama alikuwa akienda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akijikamua maziwa yakadondoka kwenye udongo, uso ameuelekeza upande mwingine. Nilimchungulia. Nilielewa kwamba anatoa yaliyolala ili Paskali akirudi akute mapya, kama tulivyofanya kwa ng'ombe aliyetengwa na ndama. Baadaye aliacha kwenda kule, na mimi nikaingiwa na hofu kwamba maziwa yamekauka kabla ya wakati. Nilianza kumwekea mama uji wangu kidogo, nikisema nimeshiba.

Sidhani kama kijiji kile kiliwahi kupata mtekelezaji mkali kuliko mimi. Nikiwa na ng'ombe mteremkoni niliangalia kwanza ng'ambo, kama kuna mtu. Kama yupo, nilisimama. Kama hayupo, nilisogea. Kisha niliangalia tena. Watoto waliochunga upande wa pili walinifanya mchezo.

"Wewe! Geuza! Geuza hao ng'ombe wenu!"

"Wako kwenu au wako kwetu?" niliwajibu. "Pumbavu, ninyi ndio mmevuka!"

"Kivuli chako kimefika huku! Kivuta!"

"Njooni mkivute ninyi!"

Walikimbia wakipiga mayowe na kuchekana. Mimi sikucheka. Nilirudi nyuma hatua chache, ili hata kivuli kiwe salama.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Baba aliporudi jioni nilimhoji.

"Baba, umepita njia ya watu."

"Nimepita pembeni."

"Mguu mmoja ulikanyaga."

"Mama, sikia huyu mtoto," baba alimwambia bibi. "Huyu atakuwa polisi."

"Afadhali yeye anashika," bibi alisema. "Ninyi wakubwa mnasahau."

Nilivimba kwa sifa hiyo. Niliona kana kwamba Paskali amesogea karibu, amevuka tayari bonde moja.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa, mtu wa Tabora, mpole, aliyepangiwa Tumati na ambaye baridi ya kwetu ilimtesa; alivaa makoti mawili. Alikuja mchana, bibi akiwa mtoni na baba akiwa hayupo. Nilimwona anakuja katikati ya njia, nikakimbilia nyuma ya kihenge cha mahindi.

"Shikamoo mwalimu!" nilipaza sauti kutoka huko.

"Marahaba. Njoo hapa."

"Hairuhusiwi."

"Nani kasema?"

"Bibi."

"Wewe unaumwa?"

"Hapana."

"Haya. Kama huumwi na shuleni huji, wewe ni mtoro."

"Mimi siyo mtoro. Mtoro anakimbia. Mimi nipo nyumbani!"

Alitabasamu, lakini mtoro nilibaki. Kwake mtoto asiyefika shule ama anaumwa ama ametoroka, na njia ya tatu haikuwekwa. Katika kazi yangu baadaye nilikutana na maswali mengi ya namna hiyo, ya ndiyo au hapana, na kila mara nilimtetea aliyesimama katikati. Wenzangu walidhani ni ukaidi.

Mama alitoka ndani aliposikia sauti. Mwalimu akaacha habari za utoro. Alimtazama, akavua kofia, akamwendea moja kwa moja na kumnyooshea mkono.

"Pole sana, mama. Nimechelewa kusikia. Pole sana."

Nilitaka kupiga kelele. Kwao Tabora, nadhani, ungekuwa utovu wa adabu kumpa pole mfiwa ukiwa umesimama mbali kama mdai. Mama aliutazama ule mkono. Alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Hakurudi. Aliupokea kwa mikono yake yote miwili, akaushika, na hakuuachia. Mabega yake yalianza kutikisika. Mwalimu alibaki ameinama kidogo ndani ya makoti yake mawili, akirudia tu, "Basi mama. Basi mama."

Leo nafahamu kwamba tangu mtoto wake alipotolewa mikononi mwake, huo ulikuwa mkono wa kwanza wa mtu wa nje kumgusa. Siku ile nilifahamu jambo moja tu: sharti limevunjwa.

Sikumwambia mtu. Niliamua kulifidia. Niliongeza masharti ambayo hakuna aliyenipa: sikuitikia tena salamu hata kwa mbali, sikuimba, nilikunywa maji baada ya ng'ombe. Kila asubuhi nilitazama njia. Hakuna kilichobadilika, na kwa kuwa hakuna kilichobadilika nilianza upya, kwa bidii zaidi. Mahindi yalikomaa, yakakatwa, yakalazwa, yakapukuchuliwa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu nilivyovifanya ambacho kingeweza kumsogeza Paskali hata unywele. Lakini mtoto yuko ndani ya mzunguko, na aliye ndani hawezi kuona kwamba debe halipati maji.

Siku ya kufunguliwa ilifika tulipomaliza kuvuna. Yaliyofanywa na wazee sitayaeleza yote. Mengine si yangu kuyaeleza na mengine sikuyaona. Najua tulinyolewa. Najua moto wa zamani ulizimwa na majivu yakatolewa, ukawashwa mwingine. Pombe ilikuwa imepikwa, na nyama ilikuwa ikichemka uani, harufu yake ikisambaa hadi njiani. Bibi aliniletea bakuli la uji. Nilikataa. Nilisema nitakula baadaye, tukiwa wote.

Nilichukua kanga kutoka kigingini, nikaikung'uta vumbi, nikaenda kusimama penye jiwe la njiani. Nilikuwa nimenawa uso na miguu.

Watu walianza kupanda. Sasa walipita katikati ya njia na walinipa mikono, mmoja baada ya mwingine, wakisema nimekua, wakinipapasa kichwa changu chenye upara mpya. Niliwapa mkono bila kuwatazama usoni. Nilikuwa natazama migongo ya wanawake. Kila aliyepita niligeuka nyuma yake. Mmoja alikuwa na kikapu. Mwingine kuni. Kisha nikamwona mama mmoja wa kutoka ng'ambo, anapanda taratibu, na mgongoni kwake kisogo kidogo kimechomoza kwenye kanga.

Nilikimbia. Nilimfikia nikiwa nimekwisha kunyoosha mikono.

"Nipe. Nipe nimbebe mimi."

"Haya, ngoja, ngoja kwanza, usimwamshe," alisema akicheka, akageuka ili nione vizuri. Alikuwa mtoto wa kike. Alikuwa na vipuli vya uzi masikioni.

"Siyo huyu," nilimwambia.

"Siyo nani?"

 Nilirudi uani. Watu wote walikuwa wamekaa, wazee upande wao na kata za pombe, wanawake karibu na moto mpya. Mama alikuwa miongoni mwao, kichwa kimenyolewa, mikono imelala mapajani.

"Mbona umeshika kanga hiyo?" aliniuliza. "Unamtafuta nani?"

"Paskali. Leo si ndiyo siku yake ya kurudishwa?"

Mazungumzo yalikatika, kwanza karibu yetu, kisha hadi kule walikokaa wazee.

"Nani amemwambia mtoto maneno haya?" bibi aliuliza.

"Masharti tumeyafuata," nilisema, na sasa sauti yangu ilikuwa inapanda. "Mimi sikukosea hata moja. Muulize Baba. Sikukosea! Ni Mama. Mama alimpa mwalimu mkono. Niliona. Alimshika kwa mikono miwili, ndiyo maana hajaletwa!"

Bibi alimgeukia mama. Watu wa nyumba nyingine waliangalia chini. Jambo lile halikuwa dogo. Wazee walikuwa ndiyo kwanza wametamka kwamba yamekwisha, na kumbe nyumba haikushika. Bibi akataka kuliziba haraka.

"Mtoto ameota."

 Aliyesema alikuwa mzee mmoja, aliyeweka kata yake chini na kusafisha koo.

"Mwalimu ni mgeni wa serikali," alisema. "Hajui mambo yetu. Huyo hahesabiwi. Hakuna kilichoharibika. Tuendelee."

Watu walishusha pumzi. Kulikuwa na sharti ndani ya sharti, ambalo mimi sikuwa nimepewa, na kwa sharti hilo mama alikuwa huru. Lakini mimi nilibaki nimesimama pale na kanga. Kama mwalimu hahesabiwi, na mimi sikukosea, na hakuna kilichoharibika, basi kwa nini? Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine. Nakumbuka kwamba ardhi ya uani ilikuwa kama haina mwisho upande wowote.

Mama aliinuka, akaja, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Mzee anasema tu," aliniambia. "Wewe ndiye uliyeona. Ni mimi."

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu. Wewe hukukosea. Ulishika vizuri kuliko wote."

Bibi alitaka kusema kitu, mama akainua kiganja bila kumtazama. Alichukua kanga mikononi mwangu, akaikunja mara mbili, akaiweka begani kwake. Kisha akaniongoza hadi kwenye sufuria ya nyama, nami nikala.

Nilikuwa nimepata jibu. Sikupata jingine hadi nilipokuwa msichana mkubwa na kuelewa kifo ni nini, na hata hapo sikusema kitu, wala yeye hakusema. Miaka yote hiyo katikati nilimpenda mama yangu kama unavyompenda mtu uliyemsamehe, nikijiona mwema kwa kumsamehe. Alinivumilia hivyo. Alinisomesha hivyo.

Mwaka jana, miguu yake ilipokwisha kukataa, nilikuwa nikienda Tumati kila mwisho wa juma kumwogesha. Jumapili moja, nikimkausha mgongo, nilimwambia kile ambacho kilipaswa kusemwa zamani: kwamba siku ile hapakuwa na aliyekosea, yeye wala mtu mwingine, na kwamba mkono wa mwalimu haukumzuia Paskali. Nilizungumza kama ofisa anayesahihisha kumbukumbu, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kulifikisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alivuta taulo likamfunika mabega.

"Nilijua," alisema. "Ila ulikuwa hujala tangu asubuhi."